Little Willie: kifaru cha majaribio ambacho hakikufika vitani

Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yamekwama mbele ya mahandaki ya Wajerumani, kwa kuwa seng'enge ilimchelewesha askari wa miguu na bunduki za rashasha zikamwangusha kabla hajafika ng'ambo. Magari ya deraya yalikuwepo, lakini yalitegemea magurudumu, na magurudumu hayakufaa kitu penye tope na mashimo ya mizinga. Februari mwaka huo iliundwa kamati ya kutafuta chombo kitakachovuka mahandaki, na aliyeiunda, Winston Churchill, alikuwa waziri wa Jeshi la Majini na si wa jeshi la nchi kavu.

Kazi ilikabidhiwa kampuni ya William Foster ya mjini Lincoln, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kilimo, ambako mkurugenzi wake William Tritton alishirikiana na Luteni Walter Wilson. Ujenzi ulianza Agosti, na Septemba mashine ikatembea kwa mara ya kwanza. Injini yake ya Daimler, yenye nguvu za farasi 105, ilikuwa ya aina iliyotumika katika matrekta makubwa ya kampuni hiyo, bodi lilikuwa sanduku la mabamba ya chuma cha kutengenezea maboila, na nyuma yake yalifungwa magurudumu mawili ya kusaidia kukata kona. Minyororo ya kutembelea iliagizwa kutoka kampuni ya Bullock ya Chicago, nchini Marekani.

Minyororo hiyo ndiyo iliyoikwamisha mashine. Trekta la shambani hukanyaga ardhi muda wote, kwa hiyo uzito wake wenyewe huibana minyororo mahali pake. Lakini chombo kinapovuka handaki, sehemu ya mnyororo hubaki ikining'inia hewani. Minyororo ya Bullock ililegea hapo, ikaachana na fremu, na chombo kilipotua upande wa pili haikurudi kwenye njia yake. Tritton na Wilson walijaribu hata mikanda ya balata, aina ya utomvu mgumu unaofanana na mpira, bila mafanikio. Ufumbuzi uliopatikana mwishoni mwa Septemba ulikuwa mnyororo mpya kabisa wa mabamba ya chuma, ambao kila kipande chake kilikuwa na kingo za ndani zilizoshika reli za fremu, hivyo haukuweza kuning'inia wala kuchomoka. Kwa maoni yangu, huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya vifaru vya mwanzo, ingawa wengi hupenda zaidi kuzungumzia mizinga na unene wa deraya.

Mashine iliyofanyiwa marekebisho, ambayo sasa iliitwa Little Willie, ilikamilika Desemba 1915. Mnara wa mzinga uliokusudiwa kuwekwa juu uliondolewa na tundu lake likazibwa kwa bamba. Mwendo wake haukuzidi sana kilomita 3 kwa saa, kasi ambayo mtu anayetembea kwa miguu huipita bila kuharakisha, lakini kasi siyo iliyoikosesha nafasi jeshini. Jeshi lilikuwa tayari limeongeza masharti, likitaka chombo kinachovuka handaki la futi 8, na Little Willie, ambayo ilikuwa fupi na yenye pua iliyo chini, iliweza takribani futi 5 tu.

Wilson alikuwa ameshabuni umbo jingine, ambalo minyororo ilizunguka ubavu mzima wa chombo, ikipanda juu mbele na kushuka nyuma. Chombo hicho, kilichopewa jina la Mother, kilijaribiwa Hatfield mwezi Januari na Februari 1916, vikaagizwa vifaru 100 vya muundo wake, na tarehe 15 Septemba mwaka huo vikaingia vitani kwa mara ya kwanza huko Somme, kaskazini mwa Ufaransa, vikitembelea minyororo ya Tritton.

Little Willie yenyewe imehifadhiwa katika Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, kusini mwa Uingereza, ikiwa haina injini. Mgeni anayeitazama aanzie chini, kwenye zile kingo zinazoshika reli, kabla ya kuinua macho kwenye bodi.