Maziwa yanapovuja wiki za kwanza za kunyonyesha

Akina mama wanaoleta watoto kwa chanjo ya wiki ya 6 hutuuliza mengi. Hili la maziwa kuvuja huja mwishoni, kwa sauti ya chini, mama akiwa ameshamfunga mtoto mgongoni aondoke. Sisi wakunga tungependa liulizwe siku zile zile maziwa yanapoanza kujaa, kabla mama hajaanza kujibana kifua kwa leso au kuweka kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) ndani ya sidiria ili watu wasione.

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni ya oksitosini, nayo huviminya vijifuko vinavyotengeneza maziwa mpaka yashuke kwenye chuchu. Homoni hiyo husafiri kwa damu, hivyo hufika matiti yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana mtoto akinyonya la kulia, la kushoto nalo linadondosha. Wala si lazima mtoto awe mikononi: kilio cha mtoto wa mwenzako ndani ya taksi, maji ya moto bafuni, au kumkumbuka tu mwanao uliyemwacha kwa bibi yake, kinatosha. Wiki za mwanzo mwili bado haujajua mtoto anahitaji kiasi gani, kwa hiyo wengi wetu hutengeneza kuliko anavyomaliza. Kadiri anavyonyonya, matiti hujipimia, na kwa akina mama wengi kuvuja hupungua kati ya wiki ya 6 na ya 10. Wapo wanaoendelea kwa miezi mingi, na ni wazima.

Mama asiyevuja kabisa asidhani hana maziwa. Tazama nepi: kuanzia siku ya 5 mtoto anayeshiba hulowesha angalau 6 kwa siku, na uzito wake hupanda kila akipimwa.

Dawa ya kwanza ni kumnyonyesha mara nyingi, mara 8 hadi 12 usiku na mchana, bila kungoja titi liwe gumu. Likijaa na mtoto amelala, kamua kidogo tu upate nafuu. Ukilikamua mpaka liishe, mwili utaelewa kwamba maziwa zaidi yanatakiwa, na kesho utavuja kuliko leo. Ukihisi yanashuka ukiwa mbele za watu, kunja mikono kifuani na ukandamize chuchu kwa sekunde chache. Usifanye hivyo kila saa wiki za mwanzo, kwa sababu maziwa yanaweza kuziba ndani.

Kuhusu kitambaa cha kuwekea ndani tunasisitiza sana, maana hapo ndipo tunapoona madhara. Pedi za dukani si lazima. Fulana ya zamani ya pamba, iliyokatwa ukubwa wa kiganja na kushonwa tabaka nne au tano, inatosha. Badilisha mara inapolowa. Unyevu ukikaa kwenye ngozi siku nzima, chuchu hulainika, hupasuka, na kuvu hupata nafasi. Kaveera huongeza joto na kufanya yote hayo yaje haraka. Fua kwa sabuni, anika juani, kisha piga pasi pande zote mbili, kwa kuwa kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zinazoanikwa nje, na funza wao huingia ngozini. Kwa nje, kitenge chenye maua mengi huficha alama kuliko blauzi ya rangi moja.

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama aliyeajiriwa siku 60 za kazi za likizo yenye mshahara, kwa hiyo wengi hurudi kazini wakati kuvuja kumeshatulia. Mama anayeuza nyanya sokoni hana likizo hiyo. Anarudi mapema, kifua kikiwa bado kinajaa. Wenzake wa meza za jirani wamshikie biashara akae pembeni anyonyeshe. Ni msaada mkubwa kuliko ushauri wowote wetu.

Maziwa yanayodondoka titi la pili wakati mtoto ananyonya yanaweza kukingwa kwa kikombe safi, akanyweshwa kwa kikombe ndani ya saa 4, na mapema zaidi penye joto kali.

Njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo ukipata homa, au titi likiwa na sehemu nyekundu, ya moto, yenye uvimbe unaouma. Mwanamke ambaye hana mimba wala hanyonyeshi, naye akiona maziwa au damu kwenye chuchu, aje apimwe. Kwa akina mama wengi wanaonyonyesha, mtoto aendelee kunyonya hata titi linalouma, kwa sababu kuliacha lijae huzidisha uvimbe. Mama anayeishi na VVU atuambie mapema: yeye aendelee na dawa zake za ARV, amnyonyeshe mtoto titi lililo zima, na lile linalouma alikamue na kumwaga maziwa yake mpaka aonwe na mhudumu.