Nakshi ya ngozi: maana yake, na kwa nini mafundi huonyeshana kazi ikiwa bado na unyevu

Ukishika mkanda wa ngozi wenye maua yaliyoinuka na vikonyo vinavyojipinda, ni rahisi kudhani fundi aliichimba ngozi mpaka ua likabaki. Ndivyo inavyofanyika kwenye milango ya Lamu na Zanzibar: patasi huondoa mbao, vumbi hufagiwa, na kilichobaki ndicho ua. Kwenye ngozi hakuna cha kufagia. Mchoro huchanjwa juu juu kwa kisu, kisha pembeni mwa mistari ngozi hukandamizwa kwa mihuri ya chuma. Sehemu moja inalala, nyingine inabaki imesimama, na jicho linaona ua. Hiyo ndiyo nakshi ya ngozi: kuchanja na kukandamiza.

Kisu chenyewe ni cha aina yake. Kina mpini mfupi wenye kiti kidogo juu, mahali pa kupumzisha kidole cha shahada, na mwili wake huzunguka kati ya dole gumba na vidole vingine. Kwa hiyo kwenye kona mkono haupindi, kinachozunguka ni kisu. Unachanja theluthi moja hivi ya unene wa ngozi, hata nusu kwa mkono uliozoea, na kamwe hupitilizi. Baada ya hapo inakuja mihuri. Mmoja una ncha yenye mteremko: unaweka upande wake mrefu ndani ya mchanjo, unagonga, unasogeza kidogo, unagonga tena, na ukingo mmoja wa mstari unazama huku mwingine ukibaki juu. Mwingine una umbo la tunda la peasi, huo ni wa kutia bonde ndani ya petali. Kuna wa mishipa ya majani, wa mbegu za katikati ya ua, na wa kushusha ardhi inayozunguka nakshi nzima. Chini ya ngozi huwekwa bamba la marumaru au granaiti, na kigongeo ni nyundo ya plastiki ngumu au ya ngozi iliyoviringishwa. Nyundo ya chuma huharibu vichwa vya mihuri.

Si kila ngozi inakubali. Ngozi nyingi ya mikoba na viatu madukani imesindikwa kwa chumvi za kromiamu. Ni laini na hustahimili maji, lakini ukiigonga muhuri inarudi kama haikuguswa. Nakshi inataka ngozi iliyosindikwa kwa tanini ya mimea, yaani dawa inayotoka kwenye maganda ya miti. Hapa Afrika Mashariki tumo ndani ya habari hii kuliko wengi wanavyojua, maana miti ya miwati ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya ilipandwa mahsusi kwa ajili ya maganda yake, na tanini yake imesafirishwa nje kwa miongo mingi kwenda kusindika ngozi za watu wengine. Ukiwa sokoni na muuzaji hajui, tazama ukingo uliokatwa: ukiwa na rangi ya kijivu inayoelekea samawati, hiyo ni kromiamu. Kisha dondosha tone la maji. Ngozi ya tanini ya mimea hulinywa na rangi yake hukolea mahali pale. Kwa mkanda, chukua yenye unene wa milimita 3 hadi 4.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye moyo wa jambo zima.

Ngozi kavu haichongeki. Kisu kinakwama, muhuri unaacha alama hafifu, na uso unaweza kupasuka. Ngozi iliyolowa chepechepe nayo ni hasara: inabonyea kama udongo, kisha inavimba na kufuta ulichofanya. Fundi hulowesha ngozi, huiacha ijinywee, mara nyingi ndani ya mfuko wa plastiki usiku kucha ili unyevu uenee mpaka ndani, halafu huitoa na kungoja. Anangoja uso uanze kurudia rangi yake ya awali huku ndani kukiwa bado na unyevu. Wengi huigusisha shavuni. Ikiwa ya baridi lakini hailoweshi, wakati umefika. Ukigonga wakati huo, chini ya muhuri ngozi hugeuka kahawia yenyewe, bila rangi yoyote, na kila ukingo hubaki ulipouacha. Dirisha hilo ni fupi, na linabadilika kwa unene wa ngozi, kwa upepo wa feni, kwa joto la Mombasa au baridi ya Limuru.

Mtu akitazama mkanda uliokwisha kupakwa rangi na kung'arishwa, hayo yote hayaoni. Haoni ngozi ilingojwa muda gani wala muhuri upi ulitangulia. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, kuonyeshana kazi ni sehemu ya ufundi huu wenyewe, hasa kwa wanaoufanya kwa mapenzi, jioni na mwisho wa wiki, bila bwana wa karakana wa kuwasimamia. Aliyekulia kwenye karakana ya matandiko ya farasi aliona kwa macho ngozi inavyobadilika rangi. Mpenzi wa ufundi aliye peke yake hana wa kumwonyesha, isipokuwa mwenzake aamue.

Historia ya ufundi huu huko Marekani, ambako mtindo wa maua ulipevukia kwenye matandiko ya wafuga ng'ombe, inaonyesha hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi ya ngozi ilitumika katika hospitali za kijeshi kuwarudishia majeruhi nguvu za mikono na utulivu wa akili. Charles Tandy, aliyekuwa jeshini Hawaii na ambaye familia yake iliuza ngozi na vifaa vya viatu mjini Fort Worth, Texas, aliona hamu ile na akatambua kwamba watu wa kawaida wangenunua ngozi na vifaa vyake. Baada ya vita kampuni yao ikauza hivyo. Lakini kifaa bila maelekezo ni chuma tu. Hapo ndipo alipofaa mtu kama Al Stohlman, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 1998, ambaye kwa miongo mingi alichora kurasa za mazoezi: mchoro upande mmoja, na pembeni mishale inayosema muhuri gani uingie wapi, mteremko uelekee upande gani, kivuli kianzie wapi na kififie wapi. Maelfu ya watu ambao hawakuwahi kumwona walijifunza kwa mishale ile.

Mihuri nayo ikapewa herufi na namba. B ni ya kulaza ukingo, P ni ya umbo la peasi, ya kutia kivuli kwenye mabonde ya petali, V ni ya mishipa, S ni ya mbegu, A ni ya ardhi. Mtu akiandika kwamba petali amezipiga kwa P206 na ardhi kwa A104, aliye Japani na aliye Brazili wanajua anasema nini hata kama Kiingereza chao ni cha kubabaisha. Mimi nauthamini sana mpango huo mdogo wa herufi. Uliwawezesha wageni kabisa kuelekezana kazi ya mikono.

Mfano mwingine ni mji wa Sheridan, Wyoming. Don King, fundi wa matandiko wa huko, aliyeishi kati ya 1923 na 2007, ndiye anayehusishwa zaidi na mtindo unaobeba jina la mji huo: vikonyo vinavyozunguka kwa miduara iliyoshikana, na ndani ya kila duara ua dogo, hata jicho halipati pa kutokea. Mwaka 1991 alipewa heshima ya taifa ya Marekani kwa mafundi wa sanaa za jadi. Yeye alikuwa fundi wa riziki, na mtu wa riziki ana haki ya kuficha siri yake. Hata hivyo mtindo ule ulienea kwa mafundi wengine wa mji, ukavuka bahari, na leo baadhi ya wachongaji wake stadi kabisa wako Japani. Ungebaki kwenye meza moja, ungezikwa na mwenye meza.

Kwa hiyo mtu akisema wachongaji wa ngozi "hushirikishana kazi", maana yake si kutundika picha ya mkoba uliokamilika na kupokea pongezi. Pongezi ni tamu, sizidharau, na mtu aliyemaliza pochi yake ya kwanza anastahili kuambiwa hongera kabla ya lingine lolote. Ila kinachomsogeza ni mwenzake kumtazamia kazi. Na ili mwenzake aweze kutazama, inabidi aonyeshe kabla ya rangi. Rangi nzito hufunika michanjo iliyotetereka na kingo zilizoachwa nusu. Picha ipigwe kwa mwanga wa pembeni, taa ikiwa chini kabisa upande mmoja, ili mabonde yatoe vivuli. Mwanga wa simu unaomulika moja kwa moja hulaza kila kitu. Na maelezo yaandamane nayo: ngozi ya nani, unene gani, ilingoja muda gani baada ya maji, mihuri ipi.

Anayejibu naye ana kazi yake. Nimeona majibu ya namna hii yakimfaa mtu kuliko sifa mia: "Dada, mistari yako imesimama vizuri na kikonyo hakijavunjika popote. Sasa tazama jani la kushoto, kuna ngazi ngazi pembeni. Muhuri umeurusha, usogeze nusu ya upana wake kila unapogonga. Na ngozi ilikuwa bado na maji mengi, ndiyo maana haikushika kahawia." Hapo ametiwa moyo kwa jambo lililo kweli, ameonyeshwa kosa moja linalorekebishika, na ameambiwa sababu. Makosa mengine manne yaliyomo anaachiwa siku nyingine. Mtu huweza kubeba rekebisho moja au mawili kwenye kipande kinachofuata. Akimwagiwa kumi, hafanyi hata moja.

Mchongaji mzoefu huanza kutazama michanjo ya mapambo, ile mistari iliyopinda inayochanjwa mwisho kabisa juu ya petali na majani, bila mchoro wa kufuata na bila muhuri wa kuificha. Huanza nene na kufifia kama mkia. Hapo hakuna pa kujificha, na hakuna njia ya mkato: ni kisu kilichonolewa vizuri, kinachosuguliwa mara kwa mara kwenye ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia, na mabaki ya ngozi yaliyojazwa mistari mpaka hayana nafasi. Onyesha mabaki hayo pia. Kipande cha mazoezi chenye mistari mia iliyochechemea humfundisha anayeanza zaidi ya tandiko lililoshinda tuzo.

Kuhusu michoro ya watu, desturi njema ni nyepesi kueleza. Mchoro uliotolewa kwa mazoezi, ufanyie mazoezi na umtaje mwenyewe. Mchoro ambao mtu anauuza, ununue. Ukiuiga kutoka kwenye picha ya mkoba wa mwenzako ili ujifunze nyumbani, hakuna atakayekukasirikia, lakini kuupeleka sokoni kama wako ni wizi, hata ukibadilisha ua moja.

Huku kwetu ngozi ina watu wake: mafundi wa makubadhi wa pwani, washonaji wa kandambili na mikanda wa soko la Kariokor jijini Nairobi, wenye mkono wa kukata na kushona ambao mpenzi wa nakshi angeutamani. Tatizo kubwa la anayeanza ni mihuri, kwa kuwa ya kuagiza nje ni ghali na ushuru huongeza. Basi wengi hujitengenezea. Msumari wa inchi 6 au bolti hukatwa ncha, husawazishwa kwa tupa mpaka upate mteremko, kisha husuguliwa kwa msasa laini hadi ung'ae, kwa maana kila mkwaruzo wa tupa utajichapa kwenye ngozi. Ukitaka wa ardhi, chora vijistari vya kukatizana kwenye ncha kwa tupa nyembamba ya pembe tatu.

Jambo moja lazima liambatane na ushauri huo. Mihuri ya dukani hupakwa kromu kwa sababu chuma kitupu kikigusana na tanini na maji huacha doa la buluu inayokaribia weusi, na anayeanza hudhani ngozi yake imeoza. Uso wa ncha uwe mkavu na umepakwa nta kabla ya kugonga, na usiache tupa wala msumari juu ya ngozi yenye unyevu, hata kwa dakika chache. Doa likishatokea, pitisha maji ya ndimu taratibu kwa kitambaa safi, ngoja lififie, kisha futa kwa maji ya kawaida. Na ukiutangaza muhuri wako kwa wenzako, piga picha ya ncha yake pamoja na alama uliyoiacha kwenye ngozi, bega kwa bega, na useme ulitumia tupa gani.