Polisi wa Lubumbashi si wanajeshi

Katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi nchini Kongo, utasikia polisi akiitwa soda, yaani mwanajeshi, kana kwamba polisi na jeshi ni kitu kimoja. Sivyo, ila kosa hili lina mizizi. Enzi za Wabelgiji, Force Publique, jeshi la kikoloni, ilipigana vita na pia ilikamata raia. Mwaka 1972 rais Mobutu aliivunja polisi, akaiingiza katika jandarmeri, kikosi cha kulinda usalama kilichokuwa sehemu ya jeshi. Polisi ya taifa ya sasa iliundwa 2002, na Katiba ya 2006 imeipa kazi yake: kulinda usalama wa watu na mali zao. Lakini polisi akikosea, bado anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Hilo, kwangu, ndilo linalozidi kuwachanganya watu.