Je, wajua kwa nini maranda huufanya mchicha uwe njano?

Kwa miaka mingi niliamini maranda ya mbao yana sumu. Nilichukua gunia zima kwa fundi seremala, nikalichanganya na udongo wa tuta la mchicha ili ulainike. Baada ya wiki chache majani ya chini yalipauka, kisha yakawa njano, huku yale machanga ya juu yakibaki kijani. Nikawaonya majirani: maranda yanaua mboga. Wengine walisema ni tindikali.

Jibu lilikuwa kwenye yale majani ya chini. Mmea ukikosa nitrojeni huivuta kutoka kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwenye machipukizi, ndiyo maana njano huanzia chini. Mchicha wangu ulikuwa na njaa. (Tuta lililotuama maji nalo hutoa njano, na mbao zilizopakwa dawa ya mchwa zina sumu kweli. Hizo usizitumie bustanini kabisa.)

Basi nitrojeni ilikwenda wapi? Waliila bakteria na kuvu wanaoozesha maranda. Kwao kaboni ni ugali, nitrojeni ni kitoweo. Kwa kila sehemu 24 hivi za kaboni wanahitaji 1 ya nitrojeni: kama 16 huzichoma wapate nguvu, 8 hujengea miili. Samadi ya kuku ina karibu 10 kwa 1, mabua ya mahindi karibu 60 kwa 1. Maranda? Mamia kwa 1. Ni sinia la ugali lenye dagaa mmoja. Walaji hawauachi ugali huo, wanakwenda kuchota kitoweo jirani, yaani kwenye udongo uleule unaotegemewa na mchicha. Na kwa kuwa wametapakaa kila upenyo, mizizi huchelewa kufika.

Nitrojeni haijapotea. Imo miilini mwao, na ugali ukiisha wanakufa, wanaoza, inarudi kwenye udongo. Mabua yaliyokatwakatwa huchukua wiki kadhaa au miezi, maranda zaidi, kutegemea joto na unyevu.

Ndiyo maana tunatengeneza mboji kwanza: karamu ifanyikie nje ya tuta. Changanya maranda na samadi ya kuku, maganda ya jikoni na majani mabichi, nyunyiza maji, kisha chomeka fimbo ndefu hadi katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoe. Inatoka na mvuke, na ncha yake huwezi kuishika kwa muda. Joto hilo, ambalo hufika nyuzi 60, linatokana na zile sehemu 16 zinazochomwa. Siku fimbo itakapotoka imepoa hata baada ya kupindua lundo, na mboji ikanukia kama ardhi iliyonyeshewa, ipeleke kwenye mchicha.

Maranda yanayobaki sasa nayatandaza juu ya udongo bila kuyafukia. Huko hunyang'anya kitoweo cha tabaka jembamba tu la juu. Ukiyafunua asubuhi utaona nyuzi nyeupe za kuvu zimeyashona pamoja, na chini yake udongo bado una unyevu.