Nyuki Waliotua Mtini Hawajaja Kushambulia

Kundi la nyuki likitua kwenye mwembe karibu na nyumba, wengi huamini limekuja kwa shari, na mara nyingi kinachotafutwa ni mafuta ya taa na kiberiti. Imani hii ni ya siku nyingi, na inaua nyuki bure.

Nyuki wale wanahama. Mzinga ukijaa, malkia wa zamani huondoka na sehemu kubwa ya nyuki vibarua, akimwachia makao malkia mpya ambaye bado yumo ndani ya chumba chake cha nta. Huyo huchukua siku 16 hivi tangu yai hadi kutoka. Kabla ya safari vibarua hujaza matumbo asali. Pale mtini hawana masega, watoto wala akiba ya kulinda, ndiyo maana kwa kawaida huwa wapole kuliko walio mzingani. Wanangoja wapelelezi wao wapate tundu linalofaa, kazi ya saa chache au siku kadhaa.

Upole huo una mpaka, hasa kwa nyuki wetu wa Afrika, wepesi wa kukasirika. Ukiwarushia mawe watauma, na anayeuma huacha harufu kama ya ndizi mbivu, inayoita wenzake. Waondoe watoto na mifugo, kisha mwite mfugaji wa nyuki. Jioni atawakung'utia kwenye mzinga mtupu uliopakwa nta, apate kundi jipya bila kulinunua.