Kutoka kabureta kwenda EFI: viungio vya njia ya petroli

Wanaoniletea Hilux ya zamani yenye injini ya 22R ya kabureta ili niivalishe EFI, yaani mfumo wa kunyunyiza petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, huuliza bei ya nozeli, kompyuta na nyaya. Njia ya petroli haiulizwi kabisa. Paipu si ipo tayari, imetoka kwenye tangi hadi mbele, sasa ya nini kuigusa? Ila kati ya vyote hivyo, ni hiyo njia ya petroli inayoweza kukuunguzia gari.

Pampu ya kabureta, ile inayosukumwa na kemshafti, hutoa presha ya psi 3 au 4 hivi. 22R-E, injini hiyohiyo lakini yenye nozeli, inataka karibu psi 40. Kiungio ambacho kwa miaka kilikuwa kinatoa jasho tu na hakuna aliyejali, kwa presha hiyo kitarusha ukungu wa petroli juu ya eksozi yenye moto.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze na saizi. Jiulize kwanza: hiki kinaziba wapi? NPT, zile nyuzi za mabomba za Kimarekani, huziba kwa nyuzi zenyewe, maana zinaenda zikinenepa. Hiyo inahitaji dawa ya kuzibia, tena ile inayohimili petroli. Tepu nyeupe ya mafundi bomba iache hukohuko kwenye mabomba ya maji. Vipande vyake hukatika, na kama kiungio kiko baada ya filta, safari yake inaishia kwenye nozeli. AN, vile viungio vya rangi ya bluu na nyekundu ambavyo vijana wanavipenda, huziba kwa koni; nyuzi kazi yake ni kuvuta tu, ukipaka dawa pale umepoteza dawa. Banjo, kile kiungio cha pete kinachopitiwa na bolti yenye tundu, huziba kwa washa mbili, moja kila upande, na hizo ni mpya kila unapofungua. Usiniambie bado nzima.

Kwenye koni ndipo watu wanapokosea zaidi. Koni ya AN ina pembe ya digrii 37, lakini kile kifaa cha kutanulia mdomo wa paipu ambacho wengi tunacho gereji, cha mafundi wa friji na AC, hutoa digrii 45. Vikutanishe na nati itakaza vizuri tu, mkono hautahisi kitu. Lakini fungua uangalie: badala ya mkanda mpana uliong'aa kuzunguka koni, utakuta mstari mwembamba kama umechorwa kwa kalamu. Mstari huo ndio wote unaozuia petroli.

Nyuzi nazo zina mtego wake. Pampu ya Bosch 044, ambayo inafungwa sana, mdomo wake wa kutolea ni M12 x 1.5, yaani kipenyo milimita 12 na nafasi kati ya jino na jino milimita 1.5. Bolti za banjo za Toyota nyingi ni M12 x 1.25. Ya 1.25 ukiiingiza kwenye 1.5 inapokea mizunguko miwili mitatu, kisha inakuwa ngumu. Fundi anadhani ni uchafu, anaongeza spana ndefu, na aluminiamu inaliwa. Kama huna geji ya nyuzi, chukua bolti unayoijua, ilaze meno kwa meno na ile unayoitilia shaka, uzielekeze kwenye mwanga. Zikiwa tofauti, nafasi itaonekana kabla hujafika mwisho wa bolti.

Namba za AN huhesabu sehemu za kumi na sita za inchi, hivyo -6 ni inchi 3/8. Kwa injini hii -6 inatosha na kubaki. -8 ni mbwembwe.

Mimi mwenyewe sipendi AN gari zima. Kila kiungio ni mahali pengine pa kuvuja. Napendelea paipu ya chuma ya milimita 8 moja ndefu chini ya chasisi, ncha zake zikiwa na kitako ili mpira usichomoke, halafu vipande vifupi vya mpira wa EFI mwanzo na mwisho. Shaba siweki, kwa mtikisiko huwa ngumu na kupasuka. Viungio vya kubana paipu kwa pete ya shaba pia hapana.

Mpira usome ubavuni. SAE J30R7 ni wa presha ndogo. Unaotaka ni J30R9. Ndani ya tangi unahitaji J30R10, kwa sababu R9 gamba lake la nje halikutengenezwa kulowa petroli. Klipu ziwe zile zenye mkanda laini na kingo zilizokunjwa, si zile zenye matundu zinazokata mpira.

Mwisho angalia paipu ya kurudishia, maana ya kabureta mara nyingi ni nyembamba. Pampu ya EFI inasukuma muda wote, na kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, karibu petroli yote inarudi. Funga geji ya presha, chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya petroli, uuzibe. Presha ikikaa juu ya kiwango na regyuleta ni nzima, njia ya kurudi inabana. Kisha washa pampu peke yake, injini ikiwa imezimwa, na pitisha tishu kavu kila kiungio. Rudia injini ikishapata moto na kupoa.