Ukiulizwa Hali Mbele ya Jopo la Tathmini, Usijibu "Sijambo"

Hapa Mombasa mgonjwa akijuliwa hali hujibu "sijambo, alhamdulillahi", hata kama usiku kucha hakupata usingizi kwa maumivu. Ni adabu tuliyolelewa nayo, wala simwombi mtu aiache. Hata hivyo, jibu hilo likitolewa mbele ya jopo la tathmini ya ulemavu, yaani madaktari wa hospitali wanaopima kama mtu ana ulemavu, huweza kuandikwa kama lilivyotamkwa, na mtu anayestahili kusajiliwa kuwa mwenye ulemavu akarudi nyumbani mikono mitupu.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 260, inapoeleza maana ya ulemavu haiishii kwenye viungo, macho na masikio, bali inataja pia ugonjwa, mradi uwe na athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Kwa hiyo jina la ugonjwa pekee halitoshi. Watu wawili wanaweza kuwa na kisukari, mmoja akawa anauza mboga Kongowea tangu alfajiri, na mwingine ameshapoteza mguu na nuru ya macho.

Wanaoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wale ambao maradhi yao huja na kuondoka. Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au kifafa anaweza kufika hospitalini siku ya tathmini akiwa amesimama wima, amevaa vizuri, na anayemtazama asione lolote. Mtu kama huyu aeleze mwezi wake mzima: ni siku ngapi alishindwa kutoka kitandani, mara ngapi alianguka, nani alimwogesha. Nashauri ayaandike hayo kwenye daftari wiki kadhaa kabla, kwa kuwa kumbukumbu humtoroka mtu anapokaa mbele ya madaktari.

Ukiulizwa kama unatembea, "ndiyo" ni jibu pungufu. Sema kwamba unatoka kituo cha matatu hadi mlangoni kwa kupumzika mara tatu, au kwamba kuteremka kwenye feri ya Likoni huwezi bila kushikwa mkono. Sema kama mtungi wa maji wa lita 20 hunyanyuliwa na mtoto wa jirani. Huko si kulalamika wala kukufuru neema. Ni kutoa ushahidi, na ushahidi wa kweli hauongezwi chumvi wala haupunguzwi.

Chukua kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa kwa mtoto, pamoja na barua za kliniki na dawa unazotumia. Nenda na mtu unayeishi naye, maana mara nyingi yeye ndiye anayeyajua yale unayoona haya kuyasema.

Ripoti ya hospitali peke yake haileti fedha. Hufuatwa na usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mfanyakazi aliyesajiliwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii hulenga kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, nazo zina utaratibu wake wa uteuzi. Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki hiyo mtu ambaye uamuzi wa kiutawala umeathiri haki zake.